Kisu cha kukunja cha shilingi milioni moja: anza kwa kukagua kiungo

Mjini Boise, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, kampuni ya Chris Reeve Knives inatengeneza kisu cha mfukoni kiitwacho Sebenza. Kikikunjwa kinaenea kiganjani. Mpini wake ni vibao viwili vya titani ya kijivu, bapa lake halina madoido yoyote, na bei yake inazidi dola 400. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania, au zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya, na hapo bado hujalipia usafiri wala ushuru wa forodha. Hata hivyo wapenzi wa visu wamekifanya kuwa kipimo. Kampuni yoyote ikitoa kisu kipya cha gharama, watu huuliza kwanza kama kinafikia Sebenza.

Swali hilo limefika na kwetu. Wapo waongoza watalii, mafundi, wavuvi na Waswahili wanaoishi Ulaya na Marekani ambao wako tayari kutoa fedha nyingi mara moja wapate kisu cha kudumu, na wanataka kujua kama ni lazima wanunue jina lile au kipo kingine cha kiwango chake. Vipo, tena si kimoja. Shida ni kwamba wanunuzi wengi huanza kutafuta mahali pasipofaa. Wanauliza chuma gani, ugumu kiasi gani, kimechongwa nchi gani. Mimi nasema anza na kiungo, pale bapa linapokutana na mpini, kwa sababu huko ndiko sehemu kubwa ya fedha yako inakokwenda.

Chris Reeve mwenyewe ni Mwafrika Kusini. Alikuwa Durban, akiwa na ufundi wa kutengeneza vifaa na kalibu za viwandani, kazi ambayo haivumilii makosa ya vipimo. Mwaka 1989 alihamia Boise. Jina la kisu chake alilitoa kwenye Kizulu, na maana yake ni kazi. Tangu kisu hicho kizaliwe, chuma cha bapa kimebadilishwa mara kadhaa: kilianza na ATS-34, ikaja BG-42, ikafuata S30V, ambayo Reeve alishirikiana na kampuni ya Crucible kuitafuta na ikatoka mwaka 2001, kisha S35VN, S45VN, na sasa MagnaCut. Vyuma sita, na watu hawajaacha kukisifia kisu kilekile. Aliyenunua Sebenza ya ATS-34 zamani hakuitupa S30V ilipotoka. Kilichobaki bila kubadilika ni jinsi bapa linavyoshikwa.

Hapo panastahili kutazamwa kwa karibu. Katika visu vingi vya kukunja, bapa huzunguka kwenye pini inayobanwa na skrubu. Ukiikaza skrubu, bapa linakuwa zito kufunguka. Ukiilegeza, linacheza kushoto na kulia. Mwenye kisu anabaki kutafuta mahali pa katikati, anageuza kidogo huku, anarudisha kidogo kule, halafu anatia gundi ya skrubu ili isilegee. Siku akikifungua kukisafisha, kazi yote inaanza upya.

Reeve aliweka bushi, kitu ambacho fundi yeyote wa magari hahitaji kuelezwa. Bushi ya Sebenza ni kipande kifupi cha bomba kinachopita katikati ya tundu la bapa. Urefu wake umezidi unene wa bapa na washa zake mbili kwa kiasi kidogo mno. Skrubu inapokazwa mpaka mwisho inabana bushi tu, wala haibani bapa. Bapa linabaki huru kuzunguka, na nafasi iliyoachwa ni ndogo kiasi kwamba ukilishika kwa vidole na kulitikisa husikii kitu. Unakifungua kisu chote mezani, unafuta, unatia grisi, unarudisha, unakaza skrubu hadi mwisho, basi. Hakuna kubahatisha. Ili jambo hilo liwezekane, bapa, washa, bushi na vibao vya mpini lazima vyote vitoke mashineni kwa kipimo kilekile, kisu baada ya kisu. Usahihi huo ndio unaoulipia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili lina uzito kuliko kwa yule wa Marekani. Yeye kisu kikimsumbua anakitia kwenye bahasha, anakituma kiwandani, kinarudi kimenolewa. Sisi gharama ya kukipeleka na kukirudisha, pamoja na maelezo ya forodha kwamba bidhaa hii ni yangu na imetoka matengenezoni, inaweza kukufanya ukiache drooni. Kwa hiyo kisu cha bei kubwa ambacho huwezi kukifungua mwenyewe kwa ufunguo wa kawaida wa skrubu ni kisu ambacho hujakimiliki sawasawa. Zipo kampuni zilizowahi kuweka sharti kwamba ukikifungua dhamana imekufa. Soma sharti hilo kabla ya kulipa. Angalia pia skrubu zenyewe: zikiwa na vichwa vya umbo la kipekee linalotaka kifaa cha kampuni hiyo peke yake, mimi nakiacha kisu hicho hata kikiwa kizuri vipi.

Jambo la pili kwenye kiungo ni kile ambacho bapa linazungukia juu yake. Visu vingi vya gharama siku hizi vina beringi zenye vigololi vidogo. Ukigusa kidole tu, bapa linaruka na kujifunga mahali pake. Dukani inapendeza sana. Lakini vigololi vinakaa kwenye nafasi wazi, na vumbi jekundu la barabara zetu, mchanga wa ufukweni na nyuzinyuzi za mfukoni huingia humo. Baada ya hapo unasikia mkwaruzo kila ukifungua. Washa za shaba nyeusi hazirushi bapa kwa haraka kiasi hicho, ila zina uso mpana uliolala, uchafu haupati pa kukaa kirahisi, na kadiri zinavyotumika zinazidi kulainika. Kwa mtu wa ofisini beringi haina neno. Kwa anayeshinda porini, shambani au baharini, ningemshauri washa bila kusitasita.

Kisha lipo komeo, kinachozuia bapa lisikufungie vidole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Michael Walker aliboresha komeo la ukanda mwembamba wa chuma unaokaa ndani ya mpini na kujitupa nyuma ya bapa linapofunguka. Reeve alilichukua wazo hilo akaufanya upande mzima wa mpini uwe ndio ukanda. Ukikibana kisu kwa nguvu mkononi, vidole vyako vinazidi kuusukuma ukanda mahali pake. Leo muundo huo umeenea hadi kwenye visu vya bei ya chini kabisa, na ndiyo maana lazima ujue kuukagua.

Fungua kisu taratibu penye mwanga, ukitazama sehemu ya ndani ya mpini. Utauona ukanda wa titani ukisogea na kuegemea kitako cha bapa. Katika kisu kipya unapaswa kusimama robo ya upana wa kitako au nusu yake. Ukikuta tayari umefika ukingo wa upande wa pili, kisu hicho hakina nafasi ya kuchakaa, na titani huchakaa kwa sababu ni laini kuliko chuma cha bapa. Watengenezaji wa maana wanalijua hilo. Sebenza ya sasa, iitwayo 31, ina kigololi cha seramiki kwenye mgusano huo, na kampuni nyingine huweka kipande cha chuma kigumu kwenye ncha ya ukanda. Baada ya kutazama, weka vidole mbali na njia ya makali kisha sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja, kwa nguvu ya kiasi. Komeo lisiteleze. Lisinase pia: likihitaji kucha na mapambano kulitoa, halijakaa sawa. Mwisho funga kisu na ukitikise. Bapa lisijitokeze hata kidogo, na ukilichungulia likiwa limefungwa liwe katikati ya vibao viwili, lisiegemee upande.

Hayo yote hayataki utaalamu. Ni macho na dakika chache, na yatakuambia mengi kuliko karatasi ya maelezo.

Chuma nacho hakipuuzwi, ila kiwekwe mahali pake. Vyuma vya kisasa vya visu vya gharama hutengenezwa kwa unga: chuma kilichoyeyushwa hupulizwa kwa gesi kikawa chembechembe, kisha chembe hizo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka zikawa kitu kimoja. Faida yake ni kwamba kabidi, zile punje ngumu zinazofanya makali yadumu, zinabaki ndogo na kusambaa sawasawa. MagnaCut ilitangazwa mwaka 2021 na mtaalamu wa metali Larrin Thomas, mtoto wa mfua visu Devin Thomas. Alichofanikiwa ni kuondoa kabidi kubwa za kromi, na kuiacha kromi iliyomo ifanye kazi ya kuzuia kutu. Matokeo yake ni chuma kisichoshika kutu ovyo na kisicho chepesi kumeguka. Kwa watu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, ambao hewa yao pekee inatosha kukitia madoa kisu cha chuma duni, hilo ni jambo la kulipia.

Lakini chuma kizuri kikichongwa vibaya hakikati. Mkulima wa Ufaransa anayetembea na Opinel, kisu cha mpini wa mti kinachotengenezwa Savoie tangu 1890, anamenya embe na kukata kamba vizuri kuliko tajiri mwenye kisu cha titani chenye bapa nene. Bei ya Opinel ni ndogo sana ukilinganisha, na pete yake ya kufungia iliyoongezwa 1955 mtoto anaweza kuielewa. Siri yake ni wembamba wa chuma pale nyuma ya makali. Visu vingi vya kujionyesha vina unene unaokaribia milimita moja sehemu hiyo. Vinapasua badala ya kukata. Nusu milimita au pungufu ndiyo unayotaka kwa kazi za kila siku, na kisu kikiwa mkononi unaweza kuihisi kwa kupitisha kidole gumba na cha shahada pande mbili za bapa, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, ukiishia kabla ya kuyagusa.

Na kabla mtu hajasema visu vya kukunja ni mambo ya Wazungu wa leo, akumbuke Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati Tanganyika ikiwa mojawapo. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, unakoendelea hadi sasa. Mpini wa mti, nyota na mwezi vilivyopambwa juu yake, na pete ya kuvuta unapotaka kukifunga. Si kisu cha hadhi ya Sebenza, na komeo lake lina ulegevu wake, lakini mwenye kuzoea Okapi anajua tayari kisu kinadaiwa nini: kikate, kisijifunge, kirekebishike kwa mkono.

Sasa vile vya kulinganisha. Italia kuna mji wa Maniago, ambao umeishi kwa visu kwa karne nyingi, na humo kuna LionSteel. Kisu chao cha SR-1 kina mpini uliochongwa kutoka kwenye bonge moja la titani, bila vibao viwili vya kuunganisha. Ukikishika unahisi hakuna mshono, na kina kizuizi cha ziada cha kuzungusha kinachouzuia ukanda wa komeo usirudi. Ni kizito mfukoni. Kwa ubora wa uchongaji, hata hivyo, kinasimama sako kwa bako na Sebenza, na wenzake wadogo wa kampuni hiyohiyo huuzwa kwa bei ya chini zaidi.

China imebadilisha hesabu yote. WE Knife ya Yangjiang, mji wa visu katika jimbo la Guangdong, ilianza kwa kuwachongea wengine kabla ya kutumia jina lake. Reate nayo imejijengea heshima kwa jinsi inavyomalizia kazi. Ukipitisha ukucha pale titani inapokutana na kipande cha pambo, hauukuti mwanya. Bado wapo wanaodharau kisu kwa kuwa kimetoka China, na dharau hiyo sioni msingi wake: kagua kiungo, komeo na unene nyuma ya makali, kisha uamue. Ninachowalaumu watengenezaji wa China ni mapenzi ya beringi na mapambo, pale ambapo mtu wa kazi angetaka washa.

Spyderco ya Golden, Colorado, ni habari nyingine. Mwaka 1981 walitoa kisu kiitwacho Worker, chenye tundu la duara kwenye bapa la kufungulia kwa kidole gumba na klipu ya kukiangika mfukoni, mambo mawili ambayo leo wengi wameyaiga. Paramilitary 2 yao haina titani. Mpini ni wa nyuzi za kioo zilizoshindiliwa kwa gundi ngumu, na ukiushika hauna anasa yoyote. Lakini bapa ni jembamba, linakata ajabu, na komeo limewekwa mgongoni mwa mpini, hivyo unapokifunga vidole havipiti mbele ya makali. Bei yake ni karibu nusu ya Sebenza. Mtu akiniambia fedha anayo ila hataki kuumiza roho kisu kikipotea, namwelekeza hapa.

Benchmade ya Oregon inajulikana kwa komeo la kijiti kinachokatiza mpini, kinachovutwa nyuma na kidole cha mkono wowote. Wanaotumia mkono wa kushoto wanalipenda kwa haki. Kijiti hicho husukumwa na springi mbili nyembamba sana, nazo ndizo za kwanza kuchoka, kwa hiyo ukiagiza kisu uulize na springi za akiba.

Kuhusu bandia, jihadhari kwelikweli. Sebenza na Spyderco za kughushi zimejaa mitandaoni, zenye boksi, karatasi na chapa. Kwa Sebenza, jaribio la kwanza ni sumaku: titani haivutwi. Sumaku ikinata kwenye kibao cha mpini, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. La pili ni uzito, maana chuma ni kizito karibu mara mbili ya titani kwa ukubwa uleule. Bei nayo inasema: hakuna anayeuza Sebenza mpya kwa dola 60.

Kunoa ndiko wengi wanakoua kisu chao. Vyuma hivi vina kabidi za vanadi ambazo ni ngumu kuliko punje za kinoo cha kawaida, kwa hiyo jiwe la dukani litateleza juu yake au kung'arisha bila kunoa. Nunua kibao cha almasi pamoja na kisu, hesabu gharama yake humohumo. Nawaheshimu wanoa visu wanaopita mitaani na baiskeli, wananoa panga na visu vya jikoni na familia zinakula. Lakini jiwe lao linazunguka kavu, na cheche zile ni joto. Ukingo wa makali ni mwembamba kuliko karatasi na hupata moto kwa sekunde chache. Chuma kikishageuka rangi ya majani makavu au bluu, ugumu wake umepungua mahali palepale ulipouhitaji, na kuurudisha ni kusaga sehemu hiyo yote iondoke. Noa mwenyewe, kidogokidogo, mara kwa mara, kabla kisu hakijawa butu kabisa.

Wasomaji walioko ughaibuni watazame sheria kabla ya bei. Uingereza, kisu unachoruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu ni cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Sebenza ina komeo, basi hapo imetoka. Kwa ajili ya soko hilo Spyderco wana UK Penknife, ambacho hakifungi kwa komeo, na Maniago wanachonga vya aina hiyo vingi vizuri. Ujerumani, kisu chenye komeo kinachofunguliwa kwa mkono mmoja hakitembezwi hadharani bila sababu inayokubalika kisheria. Ndani ya ndege usikiweke kwenye mkoba wa kuingia nao, kiweke kwenye sanduku linalokwenda chini. Maafisa wa uwanja hawatajali kwamba kimekugharimu milioni.

Ningechagua nini? Mvuvi au nahodha wa pwani ningempa Native 5 Salt ya Spyderco, bapa la MagnaCut na mpini wa plastiki iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo, ambayo chumvi haina la kuifanya. Fundi au mwongoza watalii anayetaka kisu kimoja cha miaka mingi, na ana uwezo, Sebenza kubwa bado sijaona cha kuiondoa, kwa sababu ya bushi ile. Akipungukiwa, Paramilitary 2, na fedha inayobaki anunue kibao cha almasi. Anayependa uzuri wa chombo kama chombo aangalie LionSteel na Reate, ila avishike kwanza akiweza. Kama kuna ndugu anakuja kutoka Ulaya au Marekani na anaweza kupita dukani kwa niaba yako, mpe maagizo haya: afungue kisu atazame ukanda wa komeo umesimama wapi, akitikise kikiwa kimefungwa, achungulie kama bapa liko katikati, apitishe vidole kuhisi unene nyuma ya makali, kisha amwombe muuzaji risiti, maana bila hiyo dhamana ya kiwandani inaweza kukuletea usumbufu.